Kivuli Chini ya Picha

Jumapili, 7 Julai

Ziwani. Hatimaye! Wiki tatu tunaahirisha — mara zamu yake karakanani, mara kichwa changu, mara mvua. Leo jua kali, anga safi, baiskeli mbili: moja ina breki, moja haina. Isiyo na breki kachukua yeye. Ndiyo maana nilikubali kuolewa.

Kabla hatujakaa akatoa rula yake ya kukunja akapima benchi. Jumapili! Ufukweni! Akatangaza kwamba limeinama sentimita mbili upande wangu. Nikamwambia tumekuja kula mayai ya kuchemsha, si kulikagua. Ndiyo maana namwita Rula. Seremala mpaka usingizini. Yeye ananiita Kifutio kwa sababu ya kazi yangu ya studio, kusafisha picha za watu. Madoa, mikunjo, chunusi za bwana harusi, mjomba aliyesinzia nyuma ya keki — vyote navifuta. Wifi yangu anasema tukiwa pamoja ni mkoba wa mwanafunzi.

Kanipiga picha nimekaa mchangani. Nzuri, nimetoka vizuri hata mashavu. Ila pale chini, kivuli chake! Kichwa na viwiko viwili vimelala mchangani hadi karibu na vidole vyangu vya miguu. Kila picha yake ni hivyo hivyo, anasimama jua likiwa mgongoni. Nikamgombeza. Akasema, kwani hakuwepo? Akaenda kujaza upepo gurudumu, mimi nikakifuta kwenye simu. Dakika mbili, mchanga ukarudi laini.

Nina furaha. Naandika hivyo tu, bila sababu.

Jumatano, 10 Julai

Kazini moto. Bosi kakasirika, kompyuta imejaa tena. Karudia sheria yake mara tatu, kana kwamba sisi ni viziwi: picha ikishasafishwa, ile chafu tuifute hapo hapo. Tusiweke mbili mbili. Nimefuta za miezi mitatu. Raha iliyoje! Kama kufagia.

Jumamosi, 13 Julai

Sherehe kwa Mama mkwe. Wifi kafaulu mtihani wa ukufunzi wa udereva, sasa atafundisha wengine, Mungu awasaidie. Keki, soda, watu kumi na wawili kwenye sebule ya watu sita. Rula kapima mlango kuona kama meza ya jirani itapita. Haikupita.

Nilichukua sahani chafu mbili nizipeleke jikoni. Mama akanipokonya mlangoni, kwa upole kabisa. Eti mgeni wetu, kaa, pumzika. Kisha akaniletea chai kwenye kikombe chenye ukingo wa dhahabu, na kisahani chake. Wengine wote wanakunywa kwenye vikombe vya plastiki, wanacheka huko jikoni, na mimi niko kwenye kochi na kikombe changu kama mkaguzi wa shule.

Miezi minane ya ndoa! Bado "mgeni wetu". Hajawahi kunikosea hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu wa nyumbani hukosewa, hugombezwa, hutumwa. Mimi natabasamiwa. Nilimwambia Rula njiani. Akasema Mama alikuwa muuguzi miaka thelathini na tano, na wauguzi huwa hawaruhusu watu kuingia nyuma ya pazia. Nikamwambia mimi si mgonjwa.

Wifi kanivuta pembeni. Tarehe 17 Agosti Mama anatimiza sitini na tano. Ipo picha moja ya zamani anaificha kabatini, kwenye bahasha ya hospitali, chini ya mashuka. Huitoa mara moja moja, akiwa peke yake; wifi alimchungulia tu kwa mbali. Imechakaa, ina doa la chai. Wifi ataiiba, mimi niisafishe, Rula atengeneze fremu. Macho yangu yakang'aa. Hapa ndipo nitakapoingia jikoni!

Alhamisi, 18 Julai

Wifi kaileta studio, bahasha imebandikwa gundi, gari la mwanafunzi linamsubiri nje injini ikinguruma. Kanirushia na kukimbia.

Picha ya rangi, ya miaka ishirini na nne iliyopita. Ziwani — ziwa letu! Mama kwenye nyasi, hana mvi, mwembamba, anacheka mdomo wazi. Sijawahi kumwona anacheka hivyo. Wifi, miaka tisa, ana pengo. Na Rula wangu, miaka minne, viatu kavaa mguu wa huku upande wa kule, amekunja uso kama hakimu. Nilicheka peke yangu hadi bosi akachungulia.

Kasoro: mkunjo katikati, doa la chai kulia, ukungu kwenye anga. Na chini, kivuli cha mpiga picha, kichwa na viwiko. Kimeingia hadi kwenye viatu vya Rula. Watu na vivuli vyao!

Nimemwonyesha Rula nyumbani. Haikumbuki kabisa. Nani alipiga? Hajui. Anasema siku hizo wapiga picha wa ziwani walikuwa wengi kuliko bata. Kabusu viatu vyake mwenyewe kwenye picha.

Jumapili, 21 Julai

Tumepanda kilima cha nyuma ya kiwanda cha maziwa. Rula alikuwa anatafuta mti ulioanguka wa kutengenezea fremu — hataki mbao za dukani, ni ya Mama. Kapata kipande kizuri, kakibeba begani kama mtoto. Mimi nikabeba kila kitu kingine, asante sana.

Juu kule, upepo, mkate na jibini. Akaanza mwenyewe kumzungumzia baba yake. Nadra sana. Alifariki mwaka ule ule wa picha, mwisho wa kiangazi, Rula ana miaka minne. Anachokumbuka ni mluzi tu, mluzi ukipanda ngazi. Sura yake anaijua kwa picha ya kitambulisho, amekakamaa kama anachomwa sindano. Nikamuuliza kama hawana picha wakiwa wote wanne. Akasema Mama aliwahi kumwambia ipo moja. Moja tu. Yeye hajawahi kuiona.

Nikasema ikipatikana nitaisafisha iwe kama ya jana. Akaniegemea begani, mzito. Tukakaa hivyo mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Sikumsogeza.

Ijumaa, 26 Julai

Nimemaliza! Nimekaa baada ya kazi siku tano mfululizo. Anga imerudi bluu. Doa la chai kwaheri. Nguo ya Mama ilikuwa na maua madogo ya njano, hakuna aliyejua, yalikuwa chini ya uchafu. Kazi kubwa ilikuwa kivuli, siku mbili nzima! Nyasi zimebidi zijengwe upya, jani kwa jani, na viatu vya Rula vikapata mwanga wake. Bosi kaja kuangalia, bosi asiyemsifu mtu, akasema huwezi kujua kama pale paliwahi kuwa na kitu.

Nimeichapa kwa kipimo kile kile cha ile ya zamani. Nakala chafu niliyoskani nimeifuta. Kompyuta safi, roho safi. Ninajivuna, ndiyo. Nani atasoma?

Jumapili, 4 Agosti

Leo sherehe kwetu. Baba kafunga duka lake la kinyozi baada ya miaka arobaini, amestaafu. Watu uani, muziki, Baba analia na mkasi mkononi. Akamkalisha Rula kwenye kiti kile cha kuzunguka, eti kichwa cha mwisho ni cha mkwe. Kamkata vibaya! Upande mmoja mfupi. Rula akatoa rula, akapima, akatangaza kwamba ni sawa sawa kabisa. Baba akamkumbatia. Nilimpenda mume wangu pale nusura nipige kelele.

Na Mama mkwe alikuja! Amevaa kwa heshima, mkoba magotini, wima. Mama yangu hana mgeni — dakika tano hazijapita, kamtupia kitambaa, eti shika hizi sahani, ndugu yangu, zinatushinda. Nikataka ardhi ipasuke. Lakini nilipochungulia jikoni, mama wawili wanafuta sahani, na Mama mkwe anaimba kwa pua! Mikono yake ina kasi ya ajabu.

Alipoondoka akanishika mkono kwa vidole vitatu. Akasema ahsante, mgeni wetu. Kwetu! Kwenye mlango wa baba yangu! Nimemhadithia Rula, kacheka hadi kakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Jumamosi, 10 Agosti

Karakanani na Rula, hakuna mtu, harufu ya mbao. Fremu imekwisha na pembe zake hazionyeshi hata uzi wa mwanga. Kuna swali moja: ile picha ya zamani tuifanye nini? Nilisema tuirudishe kabatini. Rula akasema hapana, ikae ndani, nyuma ya mpya, isipotee tena.

Nilitoka kununua soda. Niliporudi kazi imekwisha. Kafanya kama anavyofanya meza — ubao mwembamba wa urembo juu ya ubao wa kawaida. Kaipaka ya zamani gundi ya mbao usoni, kote, akalaza mpya juu yake, kingo kwa kingo, akabana na vibano sita. Ametabasamu. Eti sasa ni kitu kimoja, hazitaachana milele.

Moyo ulishtuka kidogo. Picha haipakwi gundi usoni. Lakini nikajiambia, ile ya zamani ilikuwa imeisha kazi yake. Nikambusu kwenye vumbi.

Jumamosi, 17 Agosti

Sijui nianzeje.

Ilikuwa nzuri. Naandika kwanza kwamba ilikuwa nzuri. Baluni, wifi kaleta keki ya ghorofa mbili, majirani, wauguzi wenzake wa zamani wanataniana kuhusu madaktari. Mama kavaa bluu. Rula akaleta fremu imefunikwa shuka. Makofi. Mama akafunua.

Alicheka kwanza. Alijiona, akagusa maua ya nguo yake, akasema ile nguo jamani, ile nguo! Kila mtu akasogea. Nikasimama nyuma nikisubiri, nimejaa kama baluni mimi mwenyewe.

Kisha kidole chake kikateremka. Kikafika chini, kwenye nyasi, kikapapasa kioo. Kulia, kushoto. Kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akainua uso, hakukasirika, alionekana amechanganyikiwa tu. Akasema polepole:

"Yuko wapi?"

Hakuna aliyeelewa. Wifi akasogea, akaangalia, na nikamwona anaweka mkono mdomoni.

"Baba yenu," Mama akasema. "Alikuwa hapa. Alikuwa amelala hapa, na kichwa chake kwenye viatu vya mtoto."

Kamera ilikuwa ya baba yao. Hakumruhusu mtu kuigusa, ndiyo maana hayumo kwenye picha yoyote ya nyumba ile. Ni siku ile tu jua lilikuwa nyuma yake. Mama ndiye aliyemwambia asisogee, abaki hapo hapo, ili wawe wanne. Hiyo ndiyo ile moja. Picha ya wote wanne. Niliishika mkononi siku tisa na nikamtoa. Jani kwa jani!

Nilisema samahani. Mama akanitazama, akakunja shuka mara nne, vizuri, kama ya hospitali. Akasema hukujua, kazi ni nzuri sana. Akasema jamani keki ipo, kuleni. Halafu akaenda jikoni na kurudi na chai yangu. Kikombe cha dhahabu.

Angenipiga kofi ningeshukuru.

Jumapili, 18 Agosti

Hatukutoka. Fremu tulirudi nayo jana, bado ipo mkobani. Rula kakaa kitandani na kile kipande cha mbao kilichobaki, anakisugua bila sababu. Hakunilaumu. Nilimwambia faili chafu nimelifuta, sheria ya bosi. Akasema, na ile ya zamani nimeigundisha mimi. Tukatazamana. Yeye kagundisha, mimi nimefuta! Ungetafuta watu wawili dunia nzima waiue picha ile kwa ustadi zaidi usingewapata. Tukaanza kucheka, kicheko kibaya, kisha yeye akawa analia. Sijawahi kumwona analia. Alisema: "Nilikibusu. Siku ile. Nilibusu viatu, mdomo wangu ulikuwa pale pale juu yake na sikujua."

Wifi kapiga simu. Anajilaumu, hakufungua bahasha, alidhani nitatoa doa la chai tu.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia bosi kila kitu. Nilidhani atanikaripia. Kavua miwani. Faili halipo, ametafuta na mimi saa nzima, halipo. Lakini gundi ya mbao hulegea kwa maji ya moto na mvuke, akasema, polepole sana, na huenda uso wa picha ya zamani ukabaki, huenda ukatoka na karatasi ya juu. Hana uhakika. Hakuna mwenye uhakika.

Rula kajaribu kwenye picha mbili za takataka. Ya kwanza imechanika. Ya pili, nusu.

Nusu!

Jumanne, 20 Agosti

Tumebishana. Yeye anataka tujaribu kimya kimya hapa kwetu, tukifaulu ndipo tumpelekee. Mimi nimekataa. Nilishamfanyia kitu picha yake bila kumuuliza, sirudii. Ikifa, ife mbele ya macho yake, aseme mwenyewe kama tuanze au tuache. Rula alinuna hadi chakula cha jioni. Kisha akatoa fremu mkobani, akaivunja pembe alizozifanya kwa wiki mbili. Mwanaume huyu!

Kesho baada ya kazi.

Jumatano, 21 Agosti

Naandika kwenye meza ya jikoni ya Mama. Jikoni! Karatasi imelowa mvuke.

Tulifika saa kumi na moja. Nilisema yote mlangoni kabla hajanikaribisha, kwa sababu akinikalisha sebuleni nisingeweza. Kwamba faili halipo. Kwamba yuko chini ya ile mpya, amegundishwa. Kwamba huenda akatoka mzima, huenda nusu, huenda asitoke. Rula alikuwa nyuma yangu anaangalia viatu vyake.

Mama akanyoosha mkono akachukua picha. Akaipima uzito. Akaitazama ukingoni, akapitisha ukucha. Nikaona uso wake unabadilika, si uso wa mama mkwe, uso wa mtu wa zamu. Akauliza gundi gani. Maji ya moto kiasi gani. Akasema kumbe ni kidonda kilichoshikana na bandeji tu, vya hivyo nimefungua maelfu. Akapandisha mikono ya nguo.

Rula alitaka kupima kingo kwanza. Akafukuzwa. Yupo uani, namsikia anatembea huku na huko.

Niliuliza naweza kusaidia nini, na nikakaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na mlango, kwa mazoea. Alianzia chini kabisa, upande wa kivuli. Nikasema, Mama, tuanzie juu, kwenye anga, tujaribu mahali pasipo na kitu. Akasema hapana. Yeye kwanza. Wengine sisi tupo.

Mvuke, kibanio cha nyusi, pamba yenye maji. Hapumui. Ukingo wa nyasi zangu nzuri ukalegea, ukajikunja, ukachanika. Na chini yake — weusi! Kiuno. Kisha kiwiko cha kulia, kizima, kimeinuliwa kama cha mtu anayekunywa. Mama akasema, "Karibu," kwa sauti ndogo, hakuwa anasema na mimi.

Kiwiko cha kushoto kimeharibika. Kimetoka na karatasi ya juu, pamebaki peupe. Nilipiga ukelele. Mama hakusimama hata kidogo. Akasema mkono huo alivunja akiwa kijana, hata hivyo haukumsaidia sana. Akaendelea.

Sasa imebaki kichwa. Kichwa, na viatu vya Rula. Gundi hapo ni nzito zaidi, Rula aliweka nyingi kwa upendo. Amesema tuipumzishe dakika kumi na tano chini ya kitambaa cha moto, tusiivute. Ndiyo nimechukua shajara. Nisipoandika nitapasuka. Yeye amesimama dirishani, mgongo kwangu, anapiga mluzi polepole. Sikujua kama anajua kupiga mluzi. Nyayo za Rula uani zimesimama ghafla.

Vikombe vya plastiki viko viwili mezani, kimoja chake, kimoja mbele yangu. Sikumbuki alikiweka saa ngapi. Chai imemwagika kidogo pembeni na hakuna aliyefuta.

Kama kichwa kikitoka na karatasi, nitamwambia nini? Kama kikibaki —

Birika linapiga kelele. Amegeuka, mikono kiunoni, sauti juu mpaka kwa majirani:

"Wewe! Maji yanachemka, umekaa tu hapo kama mgeni! Njoo ushike huku!"